Mipangilio ya printa yaweza kula faida ya duka la uchapaji Kibiti

MFANYABIASHARA anayefungua duka la kuandika barua, kuprinti na kutoa fotokopi katika mji wa Kibiti huhesabu kwanza vitu vinavyoonekana kwa macho: pango la chumba, kompyuta, printa, rimu za karatasi na bili ya umeme. Kitu kimoja ambacho mara nyingi hakimo katika hesabu hiyo ni dirisha dogo linalojitokeza kwenye kioo cha kompyuta kabla karatasi haijatoka, lile linalouliza ukubwa wa karatasi, ubora wa wino, kipimo na pande za kuprinti.

Dirisha hilo ndilo linaloamua kama ukurasa utauzwa au utatupwa kwenye kapu la taka. Likiwa na maswali mengi mno, kijana wa kaunta huyaruka yote na kubonyeza kitufe cha mwisho. Likiwa na maswali machache mno, huficha jambo ambalo mteja alilihitaji. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ilipo faida au hasara ya duka dogo.

SOKO LENYEWE

Kibiti ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, njia ambayo ilichangamka zaidi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003. Mji huo ulipokuwa makao makuu ya wilaya mpya, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ofisi ziliongezeka, na ofisi zikiongezeka karatasi nazo huongezeka.

Wateja wa huduma hiyo si wa mjini peke yao. Wengine hutoka kata za delta kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, ambako usafiri ni boti au mtumbwi, na saa ya kuondoka hupangwa na maji kujaa na kupwa. Baada ya kufika nchi kavu, mtu hupanda pikipiki au gari hadi barabara kuu.

Mizigo yao ya karatasi inafahamika. Kuna barua za utambulisho, mikataba ya mauziano ya mashamba, fomu za vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, na fomu za vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu. Hao wa mwisho hutakiwa kuchukua fomu kwenye mtandao, kuiprinti, kuipeleka isainiwe na kugongwa muhuri, kisha kuirudisha mtandaoni kwa kuiskani.

Aidha, vyama vya msingi vya ushirika vinavyopokea korosho huwa na orodha ndefu za wakulima, kilo walizoleta na fedha wanazodai, tangu mazao yalipoanza kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani.

Kwa mteja aliyetoka delta, ukurasa ulioharibika si hasara ya shilingi mia mbili. Ni nauli ya safari ya pili, ni siku nzima ya kazi shambani au kwenye nyavu, na pengine ni tarehe ya mwisho iliyokwishapita. Mteja huyo akirudishwa na ofisi mara moja kwa sababu ya fomu iliyokatika, safari ijayo huenda duka la jirani.

MASWALI YALIKOTOKA

Wakati wa kompyuta za DOS, kila programu ya kuandikia ilibeba yenyewe maelekezo ya jinsi ya kuzungumza na kila aina ya printa. WordPerfect, iliyotumika sana maofisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilisifiwa kwa wingi wa printa ilizozifahamu. Mtumiaji alibonyeza funguo mbili, Shift na F7, akapata orodha ya mambo ya kuchagua. Katibu muhtasi aliyeijua orodha hiyo alikuwa mtu wa thamani, na asiyeijua hakuweza hata kutoa barua moja.

Windows ilibadilisha mpangilio huo. Printa ikawa inaandikishwa mara moja kwenye kompyuta kwa programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, na programu nyingine zote zikaitumia hiyo hiyo. Kazi ikawa rahisi, lakini maswali hayakupungua. Yaligawanyika sehemu mbili: mengine yakabaki ndani ya programu ya kuandikia, mengine yakahamia ndani ya draiva. Hapo ndipo ulipozaliwa mkanganyiko unaosumbua maduka hadi leo, kwamba karatasi inaweza kuwekwa A4 sehemu moja na kubaki ukubwa mwingine sehemu ya pili.

Watengenezaji wa programu walijaribu njia mbalimbali za kumpunguzia mtumiaji mzigo. Katika matoleo ya Word ya mwishoni mwa miaka ya 1990, picha ndogo ya printa iliyokuwa juu ya kioo ilituma kazi moja kwa moja bila kuuliza lolote, na aliyetaka kuchagua alipitia menyu. Katika toleo la mwaka 2010, Word iliweka maswali makuu na picha ya ukurasa utakavyotoka mahali pamoja. Kivinjari cha Chrome nacho huonyesha mambo machache tu na kuyakunja mengine chini ya kitufe kimoja.

Simu zimekwenda mbali zaidi. Apple ilitoa mfumo wa AirPrint mwaka 2010, na mwaka 2013 kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox zikaanzisha umoja wa Mopria ili simu na printa zielewane bila draiva ya kila kampuni. Mtu huchagua idadi ya nakala na ukubwa wa karatasi, kazi imekwisha.

Urahisi huo una bei yake. Baadhi ya vipengele vya printa yenyewe, kama kubana matumizi ya tona au kuchagua trei, havionekani tena katika njia hizo fupi. Mwenye duka anayeprinti kurasa mamia kwa siku anavihitaji kuliko mtu wa nyumbani anayetoa karatasi mbili kwa mwezi.

Suala la lugha nalo halikusahauliwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandalia nyaraka yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya Windows na Office. Hata hivyo, kufasiri jina la kitufe hakumwambii kijana wa kaunta lini akibonyeze na lini akiache. Kazi hiyo imebaki kwa mwenye duka.

MILIMITA 18 ZINAZOGHARIMU

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ukubwa wa karatasi. Karatasi inayouzwa madukani Tanzania ni A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Marekani na Kanada hutumia ukubwa uitwao Letter, wenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Kompyuta iliyowekewa mipangilio ya Marekani mara nyingi huanza na Letter, na mnunuzi wa kompyuta iliyotumika hupokea mpangilio huo bila kujua.

Tofauti ya urefu ni milimita 18 tu, lakini ndipo palipo mstari wa saini, nafasi ya muhuri au tarehe. Fomu ya A4 ikitumwa kama Letter, moja ya mambo mawili hutokea. Ama sehemu ya chini hukatika, ama programu huusinyaza ukurasa mzima hadi kama asilimia 94 ili uenee. Wakati mwingine printa hukataa kabisa, taa ikawa inawaka na kuzimika ikingoja karatasi ambayo haipo nchini, na kijana hubonyeza kitufe ili mradi kazi iendelee.

Word ina kipengele, ambacho kwa kawaida huwa kimewashwa, kinachorekebisha kimya kimya kati ya A4 na Letter. Kwa barua ya kawaida huo ni msaada mkubwa, kwani hakuna anayepima ukubwa wa herufi za barua kwa rula. Kwa ramani, kusinyaa kwa namna hiyo ni hatari.

Chukua mfano wa mchoro wa shamba uliochorwa kwa skeli ya 1:1,000, ambapo sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 10 ardhini. Shamba la mita 100 kwa mita 100, yaani hekta moja, linapaswa kuonekana kama mraba wa sentimita 10. Ukurasa ukisinyazwa hadi asilimia 94, mraba huo unakuwa wa sentimita 9.4. Atakayepima kwa rula atapata mita 94 kila upande, na eneo la mita za mraba 8,836. Mita za mraba 1,164 zimepotea kwenye karatasi, na hakuna aliyehamisha jiwe la mpaka.

Vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu kwenye mchoro havibadiliki, na mstari wa skeli uliochorwa pembeni husinyaa pamoja na ramani, hivyo anayeufuata huo hakosei. Anayeumia ni yule anayeamini maneno "skeli 1:1,000" na rula yake. Katika mauziano ya mashamba huyo anaweza kuwa ndiye mnunuzi.

Jedwali pana ni mtego mwingine. Orodha ya wakulima iliyotengenezwa kwa Excel ikiprintiwa bila kupangwa, safu za mwisho huhamia kwenye ukurasa wa pili. Majina yanabaki karatasi moja, fedha wanazodai zinakwenda karatasi nyingine. Dawa ipo ndani ya programu hiyo hiyo: kulaza karatasi, kuagiza jedwali lienee kwenye upana wa ukurasa mmoja, na kuagiza mstari wa vichwa urudiwe juu ya kila ukurasa. Hii ni mipangilio ya ndani ambayo anayetafuta urahisi huwa haioni, na bila hiyo rimu nzima inaweza kwenda bure msimu wa malipo.

HESABU YA DUKA

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, si bei za soko. Kila mwenye duka aweke bei zake mwenyewe.

Ikiwa rimu ya karatasi 500 imenunuliwa kwa Sh. 12,000, kila karatasi ni Sh. 24. Ikiwa tona imenunuliwa kwa Sh. 40,000 na inatoa kurasa 2,000, kila ukurasa hula tona ya Sh. 20. Jumla ni Sh. 44. Ukurasa ukiuzwa Sh. 200, kinachobaki ni Sh. 156 kabla ya pango, umeme na mshahara.

Duka linaloprinti kurasa 300 kwa siku na kuharibu asilimia 10 linatupa kurasa 30. Hiyo ni Sh. 1,320 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh. 34,320. Kwa maneno mengine, kila mwezi linatupa fedha inayokaribia bei ya tona moja. Likipunguza uharibifu hadi nusu, linaokoa Sh. 17,160 bila kuongeza mteja hata mmoja.

Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la tona nayo inahitaji kueleweka. Katriji ya HP 12A, kwa mfano, imetajwa kutoa kurasa 2,000. Hesabu za namna hiyo kwa kawaida huchukuliwa kuwa wino umefunika kama asilimia 5 ya ukurasa, yaani barua yenye maandishi ya wastani. Ukurasa wenye picha nzito unaofunikwa kwa asilimia 20 hula mara nne. Tona ile ile itatoa kurasa 500, na gharama ya tona itapanda kutoka Sh. 20 hadi Sh. 80. Anayetoza picha na barua bei moja hupoteza Sh. 60 kila anapotoa picha.

Kipengele cha kubana tona kinaonekana kuwa jibu, lakini kina mpaka wake. Ikiwa kinapunguza tona kwa nusu, akiba ni Sh. 10 kwa ukurasa. Ukurasa mmoja uliorudishwa kwa sababu maandishi yamefifia na hayasomeki baada ya kuskaniwa hugharimu Sh. 44. Akiba ya kurasa nne imemezwa na ukurasa mmoja. Kwa hiyo kubana tona kunafaa kwa rasimu ya kusahihisha, hakufai kwa fomu inayokwenda ofisini.

Wenye printa za wino wa rangi wana tahadhari ya ziada. Baadhi ya printa, zikiachwa katika mpangilio wa rangi, huchanganya rangi tatu ili kupata weusi hata kwa barua isiyo na picha. Kuchagua nyeusi peke yake kwa barua huzuia rangi kuisha bila kuuzwa.

PRINTA MOJA, MAJINA MATATU

Je, mwenye duka amfundishe kijana wake vipengele vyote? Inawezekana, lakini vijana wa kaunta huhama, na foleni ikiwa ndefu mafunzo husahaulika. Kuficha kila kitu nako hakufai, kama mfano wa ramani unavyoonyesha. Njia ya kati ni uamuzi ufanywe mara moja, na mtu anayejua, kisha uhifadhiwe ili wengine wabonyeze tu.

Windows inaruhusu printa moja kuandikishwa zaidi ya mara moja kwa majina tofauti, na kila jina likawa na mipangilio yake. Printa ile ile inaweza kuitwa BARUA, ikiwa imewekwa A4, nyeusi, ubora wa kawaida. Inaweza kuitwa RASIMU, ikiwa na kipengele cha kubana tona. Inaweza pia kuitwa PICHA, ikiwa na ubora wa juu. Kijana haulizwi maswali kumi, anachagua jina moja kati ya matatu. Fundi akitaka kuingia ndani zaidi, mipangilio yote bado ipo.

Mambo mawili yanahitaji kukamilishwa pamoja na hilo. Kwanza, Windows 10 na 11 zina kipengele kinachoifanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguo la kwanza. Kisipozimwa, kazi ya picha ya asubuhi itafanya barua za mchana zitoke kwa mipangilio ya picha. Pili, ndani ya Word, mwenye duka afungue mpangilio wa ukurasa, achague A4, kisha abonyeze kitufe cha kuufanya kuwa wa kudumu, ili kila waraka mpya uanze na A4.

Majina hayo hayamalizi kila kitu. Katika mafaili ya PDF, suala la kusinyaza ukurasa au kuuacha na ukubwa wake halisi mara nyingi huamuliwa ndani ya programu inayolifungua faili. Hapo hakuna njia ya mkato: kwa ramani, vitambulisho na fomu zenye visanduku, kijana achague ukubwa halisi kwa mkono wake. Namna rahisi ya kuhakiki ni rula ya shilingi chache iliyofungwa kwa uzi mezani. Nakala ya kitambulisho cha ukubwa wa kadi ya benki iliyoskaniwa kwa vipimo vyake iwe na upana wa karibu milimita 86. Ikipungua, ukurasa umesinyazwa.

Mteja anayetuma kazi kwa simu kabla ya kupanda boti ashauriwe kutuma PDF badala ya faili la Word. PDF, iliyobuniwa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, hushikilia mistari mahali ilipowekwa. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na aina ile ya herufi, mistari huhama, na waraka wa ukurasa mmoja hugeuka kurasa mbili.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Anayefikiria kuingiza fedha katika biashara hii Kibiti, Bungu au Nyamisati, ambako abiria wa Mafia nao hupita, asivutwe na printa yenye vipengele vingi kwenye boksi. Aulize mambo manne kabla ya kulipa: tona au wino wake unapatikana bila kuagiza Dar es Salaam, gharama ya kila ukurasa ni kiasi gani, draiva yake inakubali kuhifadhi mipangilio kwa majina, na printa inaprinti pande mbili yenyewe au kwa kugeuziwa karatasi.

Baada ya kununua, kanuni tatu zinatosha kubandikwa ukutani. Tazama picha ya ukurasa kwenye kioo kabla ya kubonyeza, kwa sababu kutazama hakuna gharama. Kazi ya kurasa nyingi itolewe ukurasa mmoja kwanza, mteja auone na kuukubali. Kila karatasi iliyoharibika iandikwe kwenye daftari pamoja na sababu yake.

Hiyo ya tatu ndiyo huachwa na wengi, nayo ndiyo yenye faida ya kudumu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wiki mbili litaonyesha kama karatasi zinaharibika kwa sababu ya ukubwa usio sahihi, jedwali lililokatika au tona iliyofifia. Sababu inayojirudia ndiyo inayostahili kutengenezewa jina jipya la printa. Nyingine ziachwe zilipo, ndani ya menyu, zikimngoja fundi.